Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tope la Vijito vya Uluguru

Ndugu wanachama,

Kwa kuwa hesabu na ada zimo katika taarifa ya mweka hazina, mimi nitaeleza kazi moja tu ya mwaka huu, nayo ni kupima kiwango cha tope katika vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Uluguru na kuingia Mto Ruvu, ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya bomba hapa Dar es Salaam.

Nianze na kosa letu. Tulikwenda kupima kila tulipopata usafiri, kisha tukalinganisha vipimo vya siku ya mvua na vya siku ya jua kana kwamba ni kitu kimoja. Havikutueleza lolote. Kila mto huchafuka mvua ikinyesha, hata ule utokao ndani ya msitu wa hifadhi. Kinachoutofautisha mto mzima na ulio hoi ni muda unaochukua kutakata. Penye miti, mvua huzama ardhini na kijito hutakata upesi. Penye shamba la mteremko mkali lisilo na matuta, au penye wachimbaji wanaochekecha mchanga wa dhahabu mtoni, maji hukawia kutakata, na yakiwa na tope hata kiangazi, hapo kuna jambo.

Tope hilo huziba nafasi kati ya mawe ambamo wadudu wa majini huishi na samaki hutaga. Huku mjini, mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hulazimika kuongeza dawa ya kugandisha tope, kwa sababu chembe zake huvikinga vijidudu dhidi ya klorini. Hata hivyo, maji maangavu si lazima yawe salama, kwani viuatilifu havionekani kwa macho.

Baadhi yenu mlitaka tudai wakulima waondolewe kwa nguvu ya Sheria ya Mazingira ya 2004, inayolinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kamati haikuafiki. Mwaka 1955 Waluguru walifanya ghasia kupinga matuta ya lazima ya serikali ya kikoloni, na hatuoni sababu ya kurudia amri za namna hiyo.

Badala yake, mirija ya kupimia tope, ambayo ni mirefu, inapitisha mwanga na ina alama chini, itakaa kwa wenyeji, ambao wataijaza maji ya kijito na kupima kila asubuhi tangu mvua inyeshe hadi alama hiyo ionekane tena kupitia maji. Wenye magari tunawaomba wajiandikishe kwa katibu, ili mirija ifike kabla ya masika.