Unga wa "rangi mbili" haulindi mguu wenye chuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaouguza majeruhi wa bodaboda hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe. Mgonjwa akisharudi nyumbani na chuma cha kushikilia mfupa uliovunjika mguuni, kidonge cha rangi mbili, yaani kapsuli ya antibayotiki, hufunguliwa na unga wake kunyunyizwa juu ya mshono ili ukauke upesi. Tafadhalini sana, tuache.

Unga ule hushikana na majimaji ya kidonda ukawa gaga gumu. Kwa macho mshono umekauka, kumbe chini yake usaha umekosa pa kutokea na unashuka kuelekea kwenye chuma. Bakteria wakishakifikia hukiganda na kujifunika utando wa ute ambao hata dawa ya sindano haiupenyi kirahisi. Hapo mtu hurudishwa thieta kusafishwa, na pengine chuma kutolewa kabla mfupa haujaunga. Tena kidonge kimetengenezwa kimezwe. Unga wake haukutakaswa kwa ajili ya nyama iliyo wazi.

Wapo watakaouliza, mbona hata madaktari humwaga unga? Ni kweli, wapo wanaotumia vankomisini, ambayo nayo ni antibayotiki. Lakini hiyo ni gramu 1 kutoka kichupa cha sindano, safi kabisa, na huwekwa ndani, kwenye mfupa na chuma, kabla ya kushona. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2021, wa wagonjwa 980 waliovunjika karibu na goti au kifundo cha mguu, ulikuta maambukizi ya ndani kwa asilimia 6.4 ya waliowekewa na 9.8 ya wasiowekewa, katika miezi sita. Nafuu hiyo ilikuwa kwa bakteria wa kundi la gramu-chanya, wakiwemo stafilokokasi. Wa kundi jingine, gramu-hasi, haikuwapunguza. Kwa hiyo hata kwa daktari unga ni nyongeza tu. Kinga yenyewe ni antibayotiki ya mshipani, kwa kawaida sefazolini gramu 2 kwa mtu mzima, ndani ya saa moja kabla ya kisu. Mfupa uliotoboa ngozi hausubiri thieta: sindano ianze mara mgonjwa anapofika hospitali.

Nyumbani kazi ni ndogo. Bandeji ikae kavu, anayeigusa anawe mikono kwa sabuni, na nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi 14 kama alivyopangiwa. Mshono unaoendelea kulowesha bandeji baada ya wiki, unaonuka, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa ikiwepo au isiwepo, ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Msipitie kwanza duka la dawa kununua antibayotiki za kumeza. Dozi chache tu zinaweza kuwaficha bakteria, maabara isiwaone, na daktari akakosa kujua dawa ipi itawaua. Mpelekeni mgonjwa na bandeji ile ile aliyonayo, daktari aone rangi na wingi wa kilichotoka.

Muuguzi wa wagonjwa wa mifupa,
Tanga