Barua kwa wazazi na walezi: kufunga muhula, na habari ya somo la lugha

Ndugu wazazi na walezi,

Tunafunga shule leo. Watoto wanarudi nyumbani na ripoti zao, na najua macho yenu yatakimbilia alama. Naomba kwanza mfungue daftari la insha, ambalo kila mwanafunzi wa darasa la 6, la 7 na la 8 amelitia mkobani. Nimeagiza lisibaki shuleni hata moja. Ripoti itawaambia mtoto amepata ngapi. Daftari litawaonyesha alichojifunza, kwa mwandiko wake mwenyewe, pamoja na yote aliyoyafuta na kuyaandika upya.

Matokeo ya masomo mengine yamo kwenye ripoti. Michezo imekwenda vizuri. Mwalimu mpya wa hisabati ameripoti na ameanza kazi. Barua hii ni ya somo la lugha, maana ndilo lililonipa furaha kubwa muhula huu, na ndilo lililoniudhi.

Nianze na furaha. Mliokuja kwenye mjadala wa darasa la 8, tulipoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, mliona wenyewe. Ambao hamkuja mlikosa jambo. Mada ilikuwa kama wanafunzi waachiwe kuchagua wenyewe vitabu vya kusoma darasani. Kila mwanafunzi alijiandaa kutetea na kupinga, na hakuna aliyejua atakaa upande gani mpaka asubuhi ile ile. Mwalimu wao aliweka sharti moja gumu: kabla ya kumjibu mpinzani, irudie kwanza hoja yake mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba hicho ndicho alichosema. Ukiipotosha, unakaa.

Msichana mmoja wa upande wa kupinga alisimama, akairudia hoja ya mwenzake kwa ufasaha kuliko mwenye nayo, akasema anaikubali nusu ya kwanza, kisha akaibomoa nusu ya pili kwa ushahidi kutoka vitabu viwili walivyosoma muhula huu. Hakupaza sauti. Ukumbi ulinyamaza kwanza, ndipo makofi yakaja. Nimekaa katika vikao vingi vya watu wazima na ni mara chache nimesikia mtu akimtendea haki hivyo anayempinga. Mtoto wa darasa la 8 alilifanya kwa sababu alifundishwa. Alifundishwa kutenganisha dai na sababu, na sababu na ushahidi. Alifundishwa kwamba hoja pinzani hutajwa mapema na hujibiwa, haifichwi. Na mambo hayo yote alikuwa ameyafanyia kazi kwenye karatasi, katika insha ya hoja, kabla hajapanda jukwaani.

Darasa la 7 walikuwa na mashairi. Mwalimu hakumruhusu mtu kuandika shairi huru kabla ya kutunga walau ubeti mmoja wa tarbia uliokamilika: mishororo 4, kila mshororo mizani (silabi) 16, yaani 8 katika ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 katika utao, nusu ya pili, na vina, silabi za mwisho zinazolingana, visichezewe. Walinung'unika sana. Wakahesabu kwa vidole, wakagombana kama «m» ya «mtu» inahesabiwa mizani (inahesabiwa), na taratibu wakaanza kusikia lugha yao wenyewe. Mwanafunzi mmoja aliyehamia kwetu mwanzoni mwa muhula, ambaye kwa wiki nyingi tulikuwa hatuijui sauti yake, alisoma ubeti unaoanza hivi, na ameniruhusu kuunukuu bila kumtaja:

Nimehama nimekuja, sijui pa kukalia,
Kila jina nalitaja, moyoni nalirudia.

Katika rasimu ya kwanza mshororo wa pili ulikuwa na mizani 18 na ulikuwa unaeleza kila kitu. Alipobanwa na hesabu akayaacha maelezo, akabakiza jambo lenyewe: mtoto mgeni anayejifunza majina ya wenzake kimoyomoyo. Nitashukuru mzazi atakayeniuliza tena kanuni za arudhi, yaani za kutunga mashairi ya vina na mizani, zinamsaidia nini mtoto wa siku hizi, maana sasa jibu ninalo mkononi.

Darasa la 6 hawakupanda jukwaani, na kazi yao haikuonekana sana, lakini pengine ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Walijifunza kusoma. Mtasema walikwisha jua kusoma tangu zamani. Walijua kutamka maneno yaliyoandikwa. Muhula huu walijifunza kutofautisha kilichoandikwa waziwazi na kile msomaji anachokigundua mwenyewe. Ukisema mhusika anaogopa, wakati mwandishi hakusema anaogopa, mwalimu anakuuliza: umelijua wapi? Nionyeshe mstari. Mtoto anarudi kwenye ukurasa, anaona kwamba mhusika ameufunga mlango mara mbili na hakuijibu sauti iliyomwita, na hapo anakuwa na la kusema. Walijifunza pia kwamba kusimulia upya matukio ya hadithi hakutoshi mtu anapoulizwa dhamira yake. Na walifanya ufupisho: kuchukua kifungu na kukibakiza kama theluthi yake, kwa maneno yako, bila kutia maoni yako. Mjaribu nyumbani kwa habari yoyote ndefu, mtaona jinsi ilivyo kazi kuzuia maoni yasiingie.

Wazazi kadhaa wameniandikia kwamba watoto hawafundishwi sarufi kama walivyofundishwa wao. Wanafundishwa. Hawaimbi ngeli ubaoni asubuhi hadi jioni, wanazitumia. Mwanafunzi akiandika «matatizo hii inatokea» anarudishiwa sentensi yake aisahihishe, kisha anatafuta makosa ya aina hiyo katika insha nzima, kisha katika insha ya jirani yake. Wanajifunza mnyambuliko kwa kuchukua kitenzi kimoja, tuseme «soma», na kukifuata kinakokwenda: somo, msomaji, usomaji, kisomo, somesha, someka, somea. Mtoto aliyeshika njia hiyo akikutana na neno geni hababaiki. Hutafuta mzizi, hutazama maneno yanayolizunguka, ndipo akafungua kamusi kuhakikisha. Ninalolilia mimi ni nukta. Bado tuna watoto wanaoandika ukurasa mzima bila kituo, na hilo litaendelea kupunguziwa alama.

Sasa yaliyoniudhi.

La kwanza ni utoro. Insha katika shule hii ni kazi ya wiki nzima. Siku ya kwanza wanafunzi wanajadili mada na kuandika mpango. Ya pili, rasimu ya kwanza. Ya tatu wanabadilishana, kila mmoja anamsomea mwenzake kwa sauti na kuulizwa maswali. Ya nne wanaandika upya, na ya tano ndipo wanashughulikia tahajia, alama za uandishi na mwandiko. Mtoto anayekosa Jumanne na Jumatano kwa sababu kulikuwa na wageni, au kwa sababu aliamka amechoka, analeta Ijumaa karatasi ambayo hakuna jicho lingine lililoipitia. Kisha mzazi anashangaa kwa nini alama zimeshuka. Ugonjwa ni ugonjwa, leteni taarifa tu. Sababu nyingine nimeacha kuzipokea.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Baada ya mjadala, darasa la 8 walipewa insha ya hoja ya kumalizia nyumbani. Mwalimu alipoketi kusahihisha alikuta insha zinazofanana aya kwa aya, hata mahali ambapo mfano haukuwa sahihi. Nyingine zilikuwa zimetolewa na programu ya akili bandia na kunakiliwa kwa mkono, sentensi laini zisizo na kosa na zisizo na mwenyewe. Na nyingine, nasema hili kwa masikitiko, ziliandikwa na watu wazima. Tuliwaita wanafunzi mmoja mmoja, bila kuwatisha. Tuliwaomba watueleze hoja yao ya pili kwa maneno ya kawaida. Wapo walioshindwa. Yupo aliyeulizwa maana ya neno alilolitumia mara nne, akainamisha kichwa. Huyo ni mtoto aliyesimama jukwaani siku chache kabla na kuzungumza vizuri. Uwezo alikuwa nao, mtu akamwondolea nafasi ya kuutumia.

Kilichonichoma zaidi ni mzazi aliyefika ofisini kwangu kutetea jambo hilo. Alisema alimsaidia tu mtoto, kwamba kila mtu anafanya, na kwamba cha maana ni alama. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sasa namjibu yeye na wote wenye mawazo hayo.

Insha inampa mtoto kazi ya kujua anafikiri nini. Anapokwama katika sentensi ya tatu, kule kukwama ndiko kunakomlazimisha atambue kwamba sababu yake haikidhi dai lake. Ukimwandikia sentensi hiyo umemnyang'anya somo lenyewe na kumwachia karatasi. Ni sawa na kumpeleka mtoto mazoezini kisha ukakimbia wewe. Halafu kuna jambo la uaminifu: mtoto anakuona ukiandika, anakuona ukimwambia aweke jina lake juu, na siku hiyo amejifunza kitu ambacho sisi hatukukifundisha.

Kwa hiyo tangu muhula ujao mambo yatakuwa hivi, na sitajadiliana na mtu. Rasimu zote zitaandikwa darasani, kwa mkono. Insha ya mwisho isiyoambatana na mpango wake na rasimu zake haitasahihishwa, hata ingekuwa nzuri namna gani. Mwanafunzi yeyote anaweza kuitwa aeleze alichoandika, na akishindwa ataanza upya chini ya macho ya mwalimu. Kuhusu akili bandia, darasa la 8 litafundishwa namna ya kulihoji jibu la mashine: limetoka wapi, lina ushahidi gani, nini kimeachwa. Kuichukua kazi ya mashine na kuiita yako ni udanganyifu, na adhabu yake ni ile ile ya kuibia mtihani.

Waliohusika muhula huu wameandika upya shuleni, na alama mtakazoziona kwenye ripoti ni za insha hizo mpya. Kadhaa zimeshuka. Ni halali yao, na mimi naziheshimu kuliko zile za mwanzo.

Mkitaka kusaidia, na natamani msaidie, yapo mengi. Mwambieni mtoto awasomee insha yake kwa sauti, yeye mwenyewe atasikia inapochechemea. Muulizeni: kwa nini unasema hivyo? Mtu asiyekubaliana nawe angesema nini? Mfano wako uko wapi? Acheni anyamaze atafute jibu, msimwokoe haraka. Someni mbele yake, chochote. Msimulieni hadithi mlizosimuliwa na mmuulize anaonaje aliyotenda mhusika. Toeni masikio yenu, kalamu mwachieni yeye.

La tatu ni ada. Nalitaja mwisho kwa sababu limeandikwa katika kila barua yangu na wapo wanaoliruka. Vitabu vya kusoma darasani vinanunuliwa kwa fedha hizo. Muhula huu wanafunzi wa darasa la 7 walisoma nakala moja watu watatu, mmoja akifika mwisho wa ukurasa akiwangoja wenzake, kwa sababu fedha za kuongeza nakala hazikuingia. Wapo wazazi wenye shida za kweli. Walikuja, tukakaa, tukapanga malipo kidogo kidogo, na wamelitimiza neno lao kwa heshima kubwa. Sina tatizo nao hata kidogo. Nina tatizo na wale ambao hawajalipa chochote tangu muhula ulipoanza, hawapokei simu, hawajibu barua, na bado walisimama katika kikao cha wazazi kuuliza kwa nini maktaba haina vitabu vipya. Wazazi hao wanajijua. Mtoto hatafukuzwa darasani kwa deni la mzazi wake, hilo sitalifanya. Ila mzazi mwenyewe atatakiwa kufika ofisini kwangu kabla ya wiki ya kwanza ya muhula kwisha, akiwa na fedha au na mpango ulioandikwa.

Vitabu vya maktaba vilivyoko majumbani virudishwe siku ya kufungua, hata vilivyochanika.

Kazi ya likizo ni moja. Kila mwanafunzi amechagua kitabu kimoja kutoka maktaba na atakisoma chote. Akirudi ataulizwa ana kwa ana, kwa hiyo hakuna ripoti ya kuandika na hakuna cha kumsaidia kuandika. Aje na mstari mmoja uliomgusa na sababu ya kuguswa.

Ukurasa wa mwisho wa ripoti una fomu inayoeleza utaratibu mpya wa insha. Isomwe na mzazi pamoja na mtoto, isainiwe na wote wawili, na irudi siku ya kwanza. Mwanafunzi asiye na fomu atapokelewa, lakini mzazi wake atapigiwa simu siku hiyo hiyo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu