Rauta ya bei nafuu: ulizeni koleti kwanza, wati baadaye

Mhariri, salamu. Naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu, hasa vijana wanaoanza useremala, maana kila mtu akitaka ushauri wa rauta (ile mashine ya umeme ya kuchonga mbao) ya bei rahisi anauliza ina wati ngapi na inakuja na biti ngapi, yani vile vyuma vyenye makali, kwenye boksi. Saizi ya koleti haulizi mtu, na hapo ndo hela inapopotelea.

Koleti ni kile kikamatio chenye mipasuo kinachobana mkia wa biti, yani shina lake lisilo na makali, ukikaza nati. Mikia iko ya mm 6, robo inchi yani mm 6.35, mm 8, mm 12, na nusu inchi yani mm 12.7. Sasa hiyo mm 6 na robo inchi ukizishika mkononi huoni tofauti, lakini robo inchi haiingii kwenye koleti ya mm 6, na ya mm 6 ukiitia kwenye koleti ya robo inchi inaingia vizuri tu, unakaza, unaona imeshika, kumbe imeshikwa juujuu. Rauta ndogo nyingi zinafika mizunguko 30,000 kwa dakika, biti ikianza kuteleza hapo inazama yenyewe kwenye mbao na kuharibu kazi, au inachomoka kabisa na uso wako uko palepale. Mm 12 na nusu inchi ni hivohivo. Tafadhalini sana, msizungushie karatasi wala kipande cha bati ili ibane.

Vipo vibushi vya kupunguzia, yani vibomba vidogo vinavyovalishwa mkia, rauta ya nusu inchi ikashika mkia wa mm 8 au wa robo inchi, na vikiwa vimechongwa sawasawa vinafaa. Kinyume chake haiwezekani.

Kwa mtu mwenye hela ya mashine moja tu, kama kazi ni kuviringisha kingo, kuchimba nafasi za bawaba na kusawazisha fomaika, trima, yani rauta ndogo, ya wati 600 au 700 yenye koleti ya robo inchi inatosha kabisa. Ukitaka mifereji mirefu na mbao ngumu tafuta rauta ya kuzamisha, yani unayoishusha biti ndani ya mbao, wati 1,200 kwenda juu, inayokubali mm 8 au nusu inchi. Ila kabla hujalipa kaangalie kwanza biti za mkia gani zinauzwa moja moja pale unaponunua vifaa, alafu ndo uchague mashine ya kuzishika, sababu mashine unanunua mara moja, biti utanunua kila zikiisha. Nusu inchi naipenda sana, unene ni mara mbili ya robo lakini ugumu wa kupinda ni mara 16, biti haitetemeki, tatizo mashine zake ni nzito na bei iko juu.

Alafu msichanganye mkia na kipenyo cha makali. Biti yenye mkia mwembamba inaweza kuwa na makali mapana, na kipenyo cha mm 50 kwa mizunguko 24,000 makali yanakimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa! Biti pana hivo inataka mizunguko 10,000 au 12,000, kwa hiyo rauta isiyo na kidhibiti cha kasi usiifungie kabisa hata kama mkia unaingia.

Boksi la biti 30 za bei ya kutupa sishauri. Chukua chache zenye makali ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, za kunyoosha zenye kipenyo cha makali cha mm 6 na mm 12, moja ya kuviringisha kingo na moja ya kusawazisha yenye beringi, utafanya kazi nyingi sana.

Mhariri, mkiandika habari za vifaa vya mafundi naomba saizi ya koleti muitaje pamoja na bei, na wauzaji nao waiandike nje ya boksi kwa milimita na kwa inchi, maana mteja hawezi kufungua nati dukani kupima.

Msomaji wako,
Fundi seremala