Njia ya wenye polo la mwani kichwani isizibwe, hata wacheza gofu wa Norway wanangoja

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na nisamehe ikiwa ndefu, mie si mwandishi, ni mkulima wa mwani hapa Jambiani, hii naiandika kwenye simu ya mjukuu wangu na yeye ndo ananisahihishia herufi. Nataka kusema juu ya njia yetu ya pwani tunayozuiwa kupita mbele ya hoteli, ila naanzia mbali kidogo.

Mwaka jana binti yangu anayekaa Oslo, kule Norway, kajifungua mtoto wake wa kwanza, nikaletewa tiketi nikamlee. Nilifika mwezi wa sita nikakuta jua halitaki kuzama, Magharibi inaingia karibu saa tano ya usiku, Isha na Alfajiri sijui nizipange wapi, hilo tuliache. Vita vyetu vilikuwa na nesi, kaja siku ya kumi hivi anasema mtoto atolewe nje apate hewa. Nikamwambia mwanangu mwambie huyo nesi kwetu mtoto hatoki mpaka arubaini. Tukavutana weee, mwisho nikashinda mie. Arubaini ilipotoka mkwe wangu, ni dereva wa basi kule na Jumapili ile hakuwa kazini, akasema haya mama, leo twende ziwani.

Basi tukenda pahala panaitwa Bogstad, pembeni ya mji. Pana ziwa limetulia kama maji ya ndoo, na pana jumba la zamani lilokuwa la tajiri mmoja Peder Anker, mwenye misitu na kiwanda cha chuma, mwaka 1814 akawa waziri mkuu wa Norway nchi ile ilipoingia kwenye muungano na Sweden. Kwenye ardhi ya shamba lile sasa pana uwanja wa gofu wa mashimo 18, na klabu yake ya tangu 1924, mkwe wangu anasema Norway nzima hakuna klabu ya gofu kongwe kuliko hiyo. Miti mirefu ya zamani wameiacha ilipo, mpira ndo unaozunguka miti. Na majani Mhariri! Pale penye kibendera yamekatwa chini kabisa, nikainama nikapitisha kiganja, laini kama zulia jipya la msikitini, binti yangu ananivuta mtandio, mama ondoka hapo utatutia aibu.

Gofu kwangu si neno geni. Marehemu baba alikuwa akitusimulia Waingereza walivyokuwa wakicheza pale Mnazi Mmoja, na vijana wa mjini wakiwabebea fimbo kwa senti. Mie siku zote nikiona ni mchezo wa watu wenye pesa wasokuwa na kazi, na sijui kama nimebadili mawazo sana. Binti yangu ndo akanambia mama kuna mwanamke wa hapa hapa Oslo, Suzann Pettersen, kazaa 2018, na mwezi wa tisa 2019 akarudi uwanjani Scotland akaingiza mpira wa mwisho uliowapa wanawake wa Ulaya kombe la Solheim mbele ya Wamarekani. Nikamwambia sawa, lakini huyo arubaini yake alikaa?

Sasa lilonifanya niandike barua ni hili. Tulikuwa tunakwenda na kigari cha mtoto pale uwanjani Bogstad, mbele yetu bwana mmoja wa makamo kasimama, fimbo keshaiinua juu, kutuona tu akaishusha. Akasimama. Mie miguu yangu hii ya kushinda majini haina haraka, na katikati ya safari mtoto kapiga teke shuka, nikasimama kumfunika vizuri. Yule bwana bado kasimama. Nikadhani tushafanya kosa tutafukuzwa, namuuliza mkwe tukimbie? Akacheka, akasema mama, ule mpira mgumu kama jiwe, ukikupata kichwani ni hospitali, kwa hiyo anayepiga ndo anangoja, si anayepita. Tulipokwisha kupita yule bwana akatupungia mkono, nyuma tukasikia mpira wake, ta!

Jioni nikamkalisha mkwe anieleze, maana nilidhani labda yule bwana ni mtu mwema tu. Akasema wana sheria ya tangu mwaka 1957, mwituni na pwani isiyolimwa mtu yeyote anapita kwa miguu, awe na pesa asiwe na pesa, hata kama ardhi ina mwenyewe. Shamba lilolimwa huruhusiwi kulikanyaga kati ya tarehe 30 Aprili na 14 Oktoba, lakini nje ya siku hizo ardhi ikishaganda au theluji ikishafunika, kata katikati uende zako. Uwani kwa mtu ndo huingii, na hiyo ni haki. Na ule uwanja wa gofu wenyewe theluji ikianguka hakuna anayecheza, watu wanauteleza kwa mbao za miguuni, watoto kwa wazee.

Nimerudi nyumbani. Bamvua la mwanzo, maji yanapotoka mbali, tukashuka kama kawaida watu watatu, tukavuna, kamba zilikuwa zimejaa alhamdulillahi, kila mmoja na polo lake la mwani mbichi kichwani maji yanamchuruzika shingoni mpaka mgongoni, na anayejua uzito wa mwani mbichi anajua. Tunafuata njia yetu ya pwani, hiyo ambayo bibi yangu alikuwa akiipita na makumbi, tukafika penye hoteli moja, jina silitaji, askari katunyooshea mkono. Mtoto wa kijijini kwetu, namjua tangu hajaota meno. Anasema bi mkubwa nisamehe, nimeambiwa wageni wamelala kwenye vitanda vya jua hawataki kupitiwa mbele, zungukeni juu barabarani. Kijana mwenyewe anaangalia chini. Nikamwambia baba sina ugomvi nawe, una watoto wa kulisha. Tukazunguka. Njia ya robo saa ikawa karibu saa zima kwenye lami inayochoma, na mwenzetu mmoja alikuwa na mimba ya miezi sita.

Sisemi hoteli zifungwe, watoto wetu wanafanya kazi huko. Wala siombi gofu jamani, majani yale yanataka maji, na visima vyetu vyenyewe maji yanaingia chumvi. Nasema wale waliolala kitandani wanakerwa na nini zaidi ya yule bwana wa Bogstad aliyekatishwa mchezo wake? Tena baadhi yao huenda ni hao hao Wanorway, wamezoea kwao bibi kizee kupita.

Ninaloomba ni moja. Ardhi ni ya serikali na anayejenga hoteli anakodishwa kwa mkataba, basi kwenye huo mkataba iandikwe njia. Isiandikwe "wananchi wataruhusiwa kupita" halafu aruhusuye awe askari wa getini. Iandikwe inaanzia wapi inaishia wapi, na upana wake, wanawake wawili wenye mapolo kichwani waweze kupishana bila kuguswa nguo. Kabla ya kupima kiwanja aitwe sheha na waitwe wazee, njia za zamani wanazijua zote na majina yake.

Na mkubwa yeyote anayetaka kuiona hiyo njia yetu aje bamvua lijalo, asubuhi maji yakishatoka, ila avae viatu vya kurowa, na ikiwezekana abebe polo moja.

Mkulima wa mwani,
Jambiani, Unguja