Reli ya Tanga: tusiombe zege kwa fahari

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako la wiki iliyopita kuna msomaji aliyetaka reli ya kisasa ya Tanga, zamu yake itakapofika, ijengwe juu ya zege tupu bila kokoto. Hoja zake zilikuwa mbili: kokoto ni mambo ya enzi za Mjerumani, na saruji tunayo hapahapa Pongwe. Mimi ni fundi wa zege na sina ugomvi na zege. Lakini hoja zote mbili hazisimami.

Ni kweli Wajerumani walianza reli yetu hapa Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi 1911. Lakini hata Japani, ilipofungua reli ya Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka Oktoba 1964, iliilaza juu ya kokoto, na leo treni hupita hapo kwa kilomita 285 kwa saa. Wafaransa walipoweka rekodi ya kilomita 574.8 kwa saa Aprili 2007, chini ya magurudumu kulikuwa na kokoto. Na hii treni yetu ya mwendokasi ya Dar hadi Dodoma, yenye kasi ya kilomita 160, inapita juu ya mataruma ya zege (ile mihimili inayokingamishwa chini ya reli) yaliyolazwa kwenye kokoto. Sijamsikia abiria aliyeteremka Dodoma akilalamika kwamba reli ni ya kizamani.

Reli ya zege ina sifa zake. Wajerumani waliijaribu katika stesheni ya Rheda mwaka 1972, na Wajapani wakaitandaza kwa wingi kwenye njia ya kwenda Hakata iliyokamilika 1975. Haipindi ovyo kwa jua, haioti majani, na haihitaji mashine ya kushindilia kokoto kila baada ya muda. Hukadiriwa kudumu miaka 60. Gharama ya mwanzo ni kubwa, lakini ya matunzo hushuka, na kwenye njia yenye treni nyingi za kasi hesabu hiyo hulipa.

Shida ni ardhi iliyo chini yake. Tuta la kokoto likizama, genge la reli linakwenda, linainua reli, linashindilia, na jioni treni inapita. Bamba la zege likizama, vifungio vya reli vinakuruhusu kuinua sentimita mbili tatu, basi. Zaidi ya hapo unatoboa na kusukuma mchanganyiko wa saruji chini ya bamba, au unavunja, na treni zinasubiri. Treni ikiacha njia na kulivunja bamba, matengenezo yake pia si ya siku moja. Sasa mtu afikirie udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu unaingia kwenye ufa. Kuulazia zege bila kuuchimba na kuuondoa, au kupitisha njia juu ya nguzo, ni kuzika fedha.

Hiyo saruji ya Pongwe ndiyo sehemu rahisi. Penye gharama ni tuta lenyewe, nondo, na upimaji wa milimita. Katika aina ya Rheda, reli na mataruma hupangwa kwanza mahali pake kamili, ndipo zege likamwagwa kuyazunguka. Kipande cha reli cha mita 25 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka milimita 8 au 9. Kwa hiyo zege likianza kushika, vifungio hulegezwa haraka ili reli inayotanuka isilivute taruma ndani ya zege bichi. Ukichelewa kidogo kwa jua letu la Februari, taruma limeshacheza, pembeni yake kuna ufa mwembamba kama unywele, na maji ya mvua yatauona kabla ya mkaguzi. Kazi hiyo hufanywa usiku au alfajiri, na inataka msimamizi asiyesinzia.

Basi zege liende wapi? Kwenye mahandaki, ambako kuingiza mashine ya kushindilia ni taabu. Kwenye stesheni kubwa. Kwenye makutano ya reli na barabara humu mjini, ambako bodaboda na malori huisukuma kokoto hadi mataruma yanabaki wazi. Zaidi ya yote bandarini: shehena yenye vumbi kama klinka (punje za saruji kabla ya kusagwa) ikimwagika kwenye kokoto na kunyeshewa, inagandamana, maji hayapiti tena, na kila behewa likipita matope yanaruka juu. Hapo bamba la zege hufagiliwa tu. (Wezi wa vyuma chakavu nao watakosa mataruma ya chuma ya kung'oa, ingawa vifungio bado watavitamani.)

Sehemu nyingine zote, nipeni kokoto ngumu kutoka milima ya Usambara, si mawe ya matumbawe ya huku pwani yanayosagika upesi, na tuta lililoshindiliwa vizuri lenye mifereji na makalavati ya kutosha.

Ninachoomba kwa Shirika la Reli ni kwamba, siku ya kuja kutuonyesha mchoro wa njia ya Tanga, walete na majibu ya vipimo vya udongo, shimo kwa shimo, kwa lugha tunayoielewa. Mafundi tupo, na maswali tutayauliza.

Fundi ujenzi,
Ngamiani, Tanga