Hilo neno "tu" mliloliandika kuhusu muongozaji wa tamthilia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Juzi kwenye burudani mlimwandika kijana mmoja anayejiandaa kuongoza filamu yake ya kwanza, habari nzuri kabisa, nimeisoma mpaka mwisho, ila katikati mkasema hadi sasa yeye ni muongozaji wa tamthilia za televisheni tu. Hilo "tu" limenikaa kooni mpaka leo. Na wala sio nyie peke yenu, watu wengi ndivyo wanavyoongea, ukiongoza vipindi vya televisheni unaonekana kama uko benchi unasubiri kuitwa kwenye muvi zenyewe.

Sasa mimi naomba niwakumbushe muongozaji Sidney Lumet wa Marekani, maana naona tunapenda kumtaja kwa filamu zake halafu ile sehemu iliyomfanya awe Lumet tunairuka.

Huyu mzee alizaliwa Philadelphia mwaka 1924, baba muigizaji, mama mcheza dansi, na yeye alipanda jukwaani akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1950 akaingia kituo cha televisheni cha CBS, aliyemvuta ni rafiki yake Yul Brynner, ndio, huyo huyo mwenye kipara mliyemzoea kama steringi, kipindi hicho alikuwa anaongoza vipindi pale. Lumet akawa msaidizi wake, Brynner alipoondoka kwenda kuigiza jukwaani, msaidizi akakalia kiti.

Na televisheni ya wakati ule sio hii ya kurekodi ukikosea unarudia. Tamthilia nyingi zilikuwa zinarushwa laivu, yaani muigizaji anaongea pale studio na mtu nyumbani kwake anamuona dakika hiyo hiyo, muongozaji kakaa chumba cha pembeni mbele ya skrini zake anaita kamera ipi iingie, kamera moja ikisumbua anahamia nyingine, muigizaji akisahau maneno hakuna wa kumuokoa, na saa ikifika imefika, hakuna kuongeza hata dakika. Wiki ijayo skripti nyingine, seti nyingine, watu wengine. Hebu fikiria mtu amefanya kazi hiyo miaka, hajui kuamua haraka? Hajui waigizaji?

Ndio maana muigizaji Henry Fonda alipoamua kutengeneza filamu ya 12 Angry Men, hadithi ambayo Reginald Rose alikuwa ameiandika kwa ajili ya televisheni na ikarushwa laivu 1954, akampa Lumet aiongoze wakati hajawahi kuongoza filamu hata moja. Ikatoka 1957. Wanaume 12 wa baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, karibu filamu nzima wamefungiwa chumba kimoja wanabishana kama kijana ana hatia au hana. Walifanya mazoezi wiki mbili kama watu wa jukwaani, halafu kupiga picha kukaisha kwa takriban siku 20. Na siri ya hiyo haraka ni ya kivitendo kabisa: taa zikishapangwa kwa ajili ya kiti kimoja, basi kila kitu kinachotokea kwenye kiti hicho kinapigwa hapo hapo, hata kama ni cha mwanzo na kingine ni cha mwisho. Kwa hiyo unamuona muigizaji mwenzake Lee J. Cobb anagombana na Fonda ana kwa ana, damu imechemka, kumbe picha za huyu na za yule zimepigwa kwa kupishana karibu wiki nzima! Anayebeba kichwani hasira ilikuwa imefika wapi ili zikiunganishwa ziwe ugomvi mmoja ni muongozaji, hakuna mwingine.

Mara ya mwisho nilivyoiangalia nilizima sauti kabisa nikawa naifuata kamera peke yake, na nawashauri mjaribu. Mwanzo kamera iko juu kidogo ya macho ya watu, lenzi ni pana, ile inayoonyesha eneo kubwa, chumba kinapumua. Inavyoendelea inashuka mpaka usawa wa macho, baadaye inashuka chini ya macho, lenzi zinazidi kuwa ndefu, zile zinazovuta vitu karibu, kuta zinasogea, dari linaanza kuonekana, na wewe unabanwa kifua bila kujua nani anakubana. Kuna yule mwenye miwani ambaye mwanzoni aliulizwa hivi wewe hutoki jasho, akajibu kwamba yeye huwa hatoki. Baadaye Fonda anambana akumbuke majina ya muvi alizoenda kuangalia, sura yake imejaa skrini, na hapo anajifuta jasho. Bila sauti unaelewa kila kitu. Halafu wanatoka nje ya mahakama mvua imenyesha, lenzi inafunguka pana kuliko zote na kamera inarudi juu, na kweli unavuta pumzi.

Hiyo filamu ilimpa kuteuliwa Oscar ya muongozaji bora, na baadaye akateuliwa tena mara tatu kwenye kipengele hicho hicho, hakuichukua hata mara moja. Mwaka 1976 alifanya Network, na angalieni inahusu nini, inahusu kituo cha televisheni, nyumba aliyolelewa. Peter Finch akapata Oscar, Faye Dunaway akapata, Beatrice Straight akapata, mwandishi Paddy Chayefsky naye akapata. Waigizaji watatu kwenye filamu moja, na aliyewaongoza akarudi mikono mitupu! Oscar ya heshima walimpa 2005. Sisemi kila alichoshika kilikuwa dhahabu, The Wiz ya 1978 ilikula hela nyingi ikaangukia pua, lakini miaka minne baadaye akaja na The Verdict akateuliwa tena.

Na hiki ndicho ninachotaka mkisome vizuri. Mwaka 2001, akiwa na zaidi ya miaka 75 na filamu zake kubwa zote nyuma yake, Lumet alirudi televisheni akatengeneza tamthilia ya mahakamani inaitwa 100 Centre Street, akaipiga kwa kamera za dijitali wakati wenzake wengi bado wanaziogopa. Hakurudi kwa sababu ameshindwa. Teknolojia aliyoizoea huko akaenda nayo kwenye filamu yake ya mwisho, Before the Devil Knows You're Dead, iliyotoka 2007 akiwa na miaka 83. Alifariki 2011.

Kwa hiyo mhariri, huyo kijana wenu anayeongoza vipindi kila wiki, anayepanga sini kumi kwa siku na bado muigizaji wake analia machozi ya kweli, yuko kazini tayari. Naomba mkimwandika tena liondoeni hilo neno. Na kingine kidogo, kwenye ile picha mliyoweka ya tamthilia mmeandika majina ya waigizaji wanne na saa inayorushwa, jina la muongozaji halipo. Liwekeni, hata kwa herufi ndogo chini ya mguu wa steringi, sisi tunaolitafuta tutaliona.

Msomaji wenu, mpenzi wa muvi na tamthilia