Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, nawasalimu nyote.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha redio za ridhaa, yaani mawasiliano ya redio yasiyo ya biashara, mnazijua, sitazirudia kwa kirefu. Tarehe 18 Aprili tuliadhimisha miaka 100 ya Umoja wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa, ulioundwa Paris mwaka 1925. Oktoba tulishiriki jamborii ya hewani, yaani mkutano wa skauti kwa njia ya redio. Neti ya Jumapili, yaani kikao chetu cha hewani, imeendelea, kadi za QSL za kuthibitisha mawasiliano zimegawiwa, na wanaohitaji kuhuisha leseni zao kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wamesaidiwa kujaza fomu.

Sasa niingie kwenye suala la fedha za ripita, yaani mtambo wa kupokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena yafike mbali zaidi, maana limesemwa sana kwenye kundi la WhatsApp, na wengine wamefikia kuandika kwamba fedha zimeliwa. Mfuko ulikuwa na shilingi 2,400,000. Badala ya ripita, kamati ilitumia 1,850,000 kununua waya, kebo ya koaksi ya kuunganisha antena na redio, na pete za feraiti za kupunguza kelele, tukafunga antena kwenye nyumba 12 za wanachama. Zimebaki 550,000 na risiti zote ziko kwa mweka hazina. Ibara ya katiba inayoipa kamati mamlaka hayo niliisoma kikaoni, na muhtasari upo. Waliopinga baadaye hawakuhudhuria kikao hicho, ingawa taarifa ilitolewa wiki mbili kabla.

Nilisimamia uamuzi huu na bado nausimamia. Ripita ya mita 2, bendi ya mawasiliano ya karibu, inataka mahali pa juu pa kulipia pango, betri, chuma kisicholiwa na chumvi ya bahari, na mlinzi. Tukishaipata, itatuwezesha wenye redio koli kusikilizana kutoka Mbagala hadi Tegeta, kazi ambayo simu inaifanya. Antena ya waya ya bendi ya mita 40 (urefu wa wimbi, si wa waya) haiombi mnara wa mtu. Ni mita 20 tu za waya, kumi kila upande, na mchana mawimbi yake hupanda karibu wima, yakarudishwa na ayonosfia, tabaka la juu la anga, na kushuka ndani ya kilomita mia kadhaa kutoka ulipo. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia Mei 2024, tulijiuliza ni nani kati yetu angeweza kuongea na kisiwani au Kilwa kama minara ya simu ingelala. Wenye antena za kufaa nyumbani walikuwa wa kuhesabika. Chama cha redio ambacho wanachama wake hawana kituo nyumbani ni chama cha majina tu.

Tena kazi haikuwa ya kununua waya na kuutupa juu ya paa. Nyumba nyingi kati ya hizo nilikwenda mwenyewe, nikapanda ngazi mwenyewe. Kigamboni tulifunga ncha moja kwenye mnazi, na mnazi ukiyumba waya hukatika. Tulipitisha kamba kwenye kapi na kuning'iniza kidumu cha lita 5 kilichojaa mchanga. Upepo ukija kidumu kinapanda na kushuka, waya unabaki umenyooka. Kwa mwanachama mwingine kelele za redio zilikuwa S9 kwenye kipimo cha nguvu ya mawimbi, yaani kubwa sana, usiku kucha, hasikii hata jirani wa Zanzibar. Tuliiwasha redio kwa betri ya gari, tukazima meini swichi, mshale ukaanguka hadi S3. Tukawasha taa moja moja mpaka tukaipata: balbu ya LED ya barazani. Imebadilishwa, na sasa mwanachama huyo anaongea na Ulaya kwenye bendi ya mita 20 kila jioni. Wenye nyumba wawili waliokataa antena nilikaa nao mimi, nikawaeleza, wakakubali.

Mzunguko wa jua, unaoongeza uwezo wa anga kurudisha mawimbi, ulifika kileleni karibu na mwaka 2024, na bendi za juu za mawasiliano ya mbali bado ziko wazi. Nafasi hii hairudi kwa miaka kama kumi na moja. Kuwaacha watu wangoje ripita wakati hewa iko hivi kungekuwa kuwanyima haki yao.

Kinachonisikitisha ni ada. Tuko 41, waliolipa 17, jumla shilingi 510,000. Ndugu zangu, shilingi 30,000 kwa mwaka mzima! Miongoni mwa wasiolipa wamo waliofungiwa antena. Mahudhurio nayo ni hayo hayo: kikao cha Juni kilivunjika kwa kukosa akidi, nasi wachache tuliofika tulikuwa tumetoka mbali. Hata kwenye neti, ambapo mtu hahitaji nauli, kuna Jumapili nimeita CQ, wito kwa kila anayesikia, nikajibiwa na watu watatu. Kolsaini ya 5H, yaani jina la kituo linaloonyesha kuwa ni cha Tanzania, ni heshima ya nchi, haifai kukaa kabatini.

Mwakani tunatarajia kuwafikia wanachama waliobaki kadiri mfuko utakavyoruhusu. Ripita hatujaitupa, tutaitazama hali ikiwa nzuri. Yapo pia mawazo ya kuanza kutumia setilaiti ya redio za ridhaa ya QO-100, ambayo Afrika nzima inaiona saa 24, tukipata wa kutushika mkono kwenye vifaa.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Wenye swali kuhusu fedha waliulize hapa, kumbukumbu ziandikwe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti